Yupo

Kamati ya jubilei imenipa kurasa kumi na mbili
na orodha: wakuu wa chuo, majengo, trekta la kwanza,
jenereta lililoungua, mahafali ya mvua na turubai lililopasuka.
Mimi karani wa maktaba, hapa Chumbageni,
nimekaa kati ya maboksi yanayonuka mende na gundi,
natafuta historia kama mtu atafutaye kifungo uvunguni.

Nikakikuta kitabu cha kilimo cha mkonge.
Kadi yake ya kuazima imejaa pande zote mbili:
Mwanakheri Mwinjuma. Veronika Semkiwa.
Mwanakheri. Veronika. Mwanakheri.
Mara kumi na tisa, masika hadi vuli, mwaka themanini na saba,
na wote wawili walisomea Kiswahili na historia.
Hakuna apendaye mkonge kiasi hicho.
Hata Tanga.

Jalada la nyuma, kwa penseli, mwandiko uliolalia kushoto:

*Nimeificha risiti, katika kitabu chako,
Si barua wala noti, ni alama ya mwenzako,
Isome nusu ya kati, iliyo upande wako,
Iliyobaki siwati, naja nayo hadi kwako.*

Na chini yake, kwa wino wa kijani:

*Nimeisoma nusuyo, imeniondoa kicho,
Naihifadhi kwa moyo, si kwa mkono na macho,
Uje na ile iliyo, siri yetu na maficho,
Hata taa nizimayo, huwaka kwa lako jicho.*

Nikatoka nje, nikanywa maji ya bomba.
Kisha nikarudi kutafuta nilichojua sitakipenda:
muhtasari wa kamati ya nidhamu, Oktoba, ajenda ya nne,
kati ya wizi wa vijiko na deni la mkate.
*Mwenendo.* Neno moja, halafu nukta,
kana kwamba mwandishi alikiogopa kivumishi.
Akaitwa matroni, Felista Kihiyo.

*Swali: Umeona nini Bweni la Pili?
Jibu: Nimeona wasichana wawili wanasoma.
Swali: Usiku?
Jibu: Mchana kuna kelele.*

Daftari lake la usiku ninalo hapa.
Kila saa nne, tochi mkononi, kitanda kwa kitanda:
cha tisa, yupo. Cha kumi na nne, yupo.
Juni yupo, Julai yupo, Agosti yupo.
Lakini leja ya stoo inasema godoro la kumi na nne
lilirudishwa tarehe sita Juni, limeoza kwa paa kuvuja,
na jingine halikutolewa.
Miezi mitatu mama yule aliimulika chaga tupu
akaandika: yupo.
Na kweli alikuwepo. Hakuulizwa wapi.

Ningependa kukuambia yaliyofuata. Siyajui.
Mwanakheri alihitimu; katika picha anatazama pembeni,
mahali ambapo mpiga picha alikata.
Veronika: *amehamishwa*. Nafasi ya "wapi" ni nyeupe.

Mimi ninaishi Mabawa. Nje ya chumba changu
baiskeli mbili hulala kwa mnyororo mmoja,
na mwenye nyumba, mtu mwema, huniuliza kila Ijumaa:
binamu yako hajambo?
Hajambo, namjibu. Mwaka wa tisa sasa.

Sura ya "Maisha ya Bwenini" nimepewa nusu ukurasa.
Nimeandika habari za maharage, za mashindano ya netiboli,
na katikati, pasipoonekana sana, sentensi hii:
*Mwaka 1987, matroni wa Bweni la Pili
hakumpoteza mwanafunzi hata mmoja.*

Mhariri ameipigia mstari.
Pembeni ameandika: Safi. Ziwepo nyingi kama hii.